Ngoma Inapolia: "Sarafina!" na Ubishi wa Msiba Rungwe

Ubishi ninaotaka kuuandikia leo nilikutana nao kwanza ndani ya banda la video nyuma ya soko la Tukuyu, nikiwa kijana wa shule mwenye sare iliyolowa. Mvua ya Rungwe haingoji masika. Benchi la watu watano lilibeba tisa, na mbele yetu, kwenye televisheni isiyozidi kreti ya soda kwa ukubwa, wanafunzi wa Soweto walikuwa wakiimba. Filamu ilikuwa *Sarafina!*. Watoto walipopigwa risasi, banda lilinyamaza kimya. Walipoinuka tena kuimba na kucheza, banda zima liliitikia, ingawa sidhani kama alikuwamo hata mmoja aliyejua Kizulu. Tulipokuwa tunatoka, mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa ameketi karibu na mlango alitikisa kichwa, akasema kwa sauti ya kusikika: "Watoto wamekufa, nanyi mnacheza." Mwenye banda alimjibu kwa adabu, huku akirudisha kanda kwenye ganda lake: "Tata, hata wenyewe wamecheza."

Sentensi hizo mbili zilinikaa kichwani miaka mingi. Baadaye nilipoanza kusoma tahakiki za sinema niligundua kwamba magazeti ya Marekani na Ulaya yalikuwa yamebishana juu ya filamu hiyohiyo kwa hoja hizohizo, ila kwa maneno marefu zaidi. Na nilipozidi kusoma nikagundua jambo lililonishangaza zaidi: Rungwe ilikuwa imeufanya ubishi huo kwa karibu miaka mia moja kabla ya filamu yenyewe kufika.

*Sarafina!* haikuanza kama sinema. Ilikuwa tamthilia ya muziki iliyotungwa na Mbongeni Ngema, na Hugh Masekela akiwa na mkono wake katika nyimbo. Ilionyeshwa kwanza Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987, wakati Afrika Kusini ikiwa chini ya hali ya hatari. Januari 1988 ilifika Broadway, New York, katika ukumbi wa Cort, ikakaa hapo hadi Julai 1989, maonyesho 597 kwa jumla. Vijana wale waliotoka mitaa ya Waafrika kwenda kuimba mbele ya Wamarekani waliolipa tiketi walikuwa wakisimulia nchi ambayo bado haijawa huru, na Mandela bado yuko kifungoni.

Filamu ilifuata mwaka 1992, chini ya uongozi wa Darrell James Roodt. Leleti Khumalo aliendelea kuwa Sarafina, msichana anayezungumza na picha ya Mandela kana kwamba ni mjomba aliyesafiri. Miriam Makeba alikuwa mama yake, mfanyakazi wa nyumbani kwa Wazungu. John Kani alikuwa mkuu wa shule. Whoopi Goldberg, ambaye jina lake lilikuwa na uzito mkubwa Hollywood wakati huo, alicheza nafasi ya mwalimu wa historia anayefundisha yasiyomo katika muhtasari, na ambaye hatimaye anachukuliwa na polisi asirudi tena. Uchezaji ulisimamiwa pamoja na Michael Peters, yule aliyeshirikiana na Michael Jackson kutunga miondoko ya *Thriller*. Taja jina hilo tu, na utaelewa kwa nini wahakiki waliingia ukumbini wakiwa tayari wamekunja nyuso.

Hata kabla ya kamera kuzunguka palikuwa na mgogoro. Goldberg alipowasili Afrika Kusini mwishoni mwa 1991, vijana wa jumuiya ya AZAYO, wafuasi wa falsafa ya Ufahamu wa Weusi, walimpinga hadharani. Walidai hawakushirikishwa, na kwamba mgomo wa kitamaduni dhidi ya nchi hiyo haujafutwa. Swali lao halikuwa la miondoko. Lilikuwa hili: nani aliyewapa ruhusa ya kuusimulia msiba wetu? Naomba msomaji alishike swali hilo, maana tutarudi kwake.

Filamu ilionyeshwa Cannes nje ya mashindano, kisha ikaingia kumbi za Marekani Septemba 1992, na huko ikakusanya takriban dola milioni 7.3. Kwa Hollywood hizo ni fedha za kawaida. Kwa hadithi ya wanafunzi wa Soweto zilikuwa nyingi. Wahakiki waligawanyika. Sauti zilisifiwa, na Khumalo alisifiwa. Lakini lawama iliyorudiwa mara kwa mara ilikuwa kwamba filamu haijui inataka kuwa nini: dakika hii chumba cha mateso, dakika inayofuata wasichana wenye sare wakirusha miguu kwa mpangilio. Walisema wimbo unapaka asali juu ya kidonda. Walitaka tanzia iwe tanzia, na ramsa iende kwake.

Katika hesabu ile ya dola milioni 7.3, Tukuyu haimo. Haimo Mbeya, haimo Kyela, haimo Dodoma. Tanzania Bara haikuwa na televisheni yake hadi mwaka 1994, na sinema nyingi za miaka ile zilitufikia kwa kanda za video zilizonakiliwa kutoka kwenye nakala ya nakala, hadi rangi zikafifia na nyuso zikawa na ukungu kama Mlima Rungwe wenyewe asubuhi. Sheria ya hakimiliki tuliyo nayo sasa ilitungwa mwaka 1999. Sarafu tulizotoa mlangoni hazikuvuka bahari. Kwa hiyo anayepima mafanikio ya filamu hiyo kwa daftari la tiketi anapima nusu yake ndogo. Nusu kubwa ilikuwa ikiimbwa na wanafunzi waliotembea kurudi nyumbani kwenye tope, wakibadilisha maneno wasiyoyajua kwa maneno waliyoyajua.

Hapa ndipo ninapopenda kuiacha Afrika Kusini kwa muda na kurudi Rungwe ya zamani, kwa sababu lawama ya mwalimu wetu ina ukoo wake pale.

Wamisionari wa Kimoravian walifungua kituo chao cha Rungwe mwaka 1891, na mwaka huohuo wenzao wa Misheni ya Berlin wakaingia bonde la Wanyakyusa. Miongoni mwa mambo yaliyowashtua ni mazishi. Walikuta wanawake wakilia na kugaagaa kando ya maiti, na hatua chache tu kutoka hapo wanaume wakicheza. Hawakucheza kwa aibu pembeni; walicheza katikati ya ua, mikuki mikononi, ngoma zikipigwa, vumbi likipanda. Kwa macho ya wageni wale hiyo ilikuwa dharau kwa marehemu, au upagani, au vyote viwili. Aliyebatizwa alitakiwa kuachana na ngoma hizo na kuzika kwa nyimbo za kitabu.

Kuna kejeli ndogo hapa ambayo siwezi kuipita. Wamoravian wenyewe, kwao Herrnhut, Ujerumani, walikuwa na desturi ya tangu karne ya 18 ya kutangaza kifo kwa tarumbeta. Mtu akifariki, wapulizaji walitoka nje na kupuliza, na mji ukajua. Walikuja Rungwe na desturi hiyo ikiwa ndani ya mikoba yao, wakakuta watu wanaotangaza kifo kwa ngoma, na hawakutambua kwamba wamekutana na ndugu zao.

Miaka arobaini na kitu baadaye walikuja watazamaji wa aina nyingine. Godfrey Wilson, Mwingereza, na mkewe Monica, aliyezaliwa Afrika Kusini, walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938. Godfrey aliandika makala kuhusu taratibu za mazishi, iliyochapishwa mwaka 1939. Monica, baada ya kufiwa na mumewe mwaka 1944, aliendelea na kazi hiyo, na kitabu chake juu ya mila za ukoo kilitoka mwaka 1957. Wao hawakuuliza kama ngoma ile inafaa. Waliwauliza wachezaji kwa nini wanacheza.

Majibu waliyoyapata ndiyo yaliyonifanya nimkumbuke mwenye banda la video. Wachezaji walieleza kwamba kifo huwasha vita ndani ya moyo. Huzuni na hofu humchokoza mtu hadi mwili hauwezi kutulia, na njia ya kuitoa vita hiyo ni kuucheza mwili. Wilson aliona pia kwamba ngoma ilianza kwa ukali, karibu na uchungu wenyewe, kisha kadiri saa zilivyopita sauti za kicheko zikaingia, vijana wakaanza kutazamana na wasichana, na waliokuja wakiwa wamefiwa wakarudishwa kidogokidogo upande wa walio hai. Wakati mwingine ngoma ilipinda ikawa ugomvi wa kweli kati ya vijana wa vijiji viwili, na wakubwa walilazimika kuingilia.

Sasa naomba tusogee kwenye lugha, ambako nadhani wasomaji wa hapa wako nyumbani zaidi kuliko mimi.

Mhakiki wa Kiingereza anapolalamika kwamba wanafunzi *wanacheza* katika hadithi ya vifo, lugha yake imemsaidia kulalamika, kwa sababu ana neno moja la kucheza ngoma na jingine la kulia, na maneno hayo mawili hayajuani. Kiswahili hakimpi mtu urahisi huo. Kwetu mfiwa hulia, na ngoma hulia. Kengele hulia. Bunduki pia hulia. Mtunzi akiandika kwamba siku ile Soweto *kulilia*, msomaji hana budi kuuliza ni nani au ni nini, na jibu ni kwamba vyote vililia: risasi, akina mama, na ngoma. Sijui kama kuna mshairi aliyewahi kuutumia utata huo kikamilifu. Ameuachia nafasi kubwa anayekuja.

Kitenzi *kucheza* nacho kina ukarimu wa namna hiyo. Mtoto hucheza mpira, mwali hucheza ngoma, mwigizaji hucheza nafasi ya mwalimu anayekufa gerezani. Kinyakyusa kina *ukukina*, nacho hutenda hivyohivyo: kijana anayepiga mpira uwanjani na mwanamume aliyeshika mkuki kwenye ua wa msiba walitajwa kwa kitenzi kimoja. Mtu aweza kusema huo ni umaskini wa msamiati. Mimi naona ni kinyume chake: lugha imekataa kuamua mapema kwamba mwili unaotikisika lazima uwe na furaha.

Tazama pia namna wataalamu wetu wa fasihi simulizi wanavyozipanga nyimbo. Hodiya ni wimbo wa kazi, nyiso ni wa jandoni, bembelezi ni wa kumlaza mtoto, mbolezi ni wa msiba. Mpangilio huo hufuata tukio, haufuati hisia. Mbolezi si "wimbo wa huzuni". Ni wimbo unaoimbwa penye kifo, na ndani yake mnaweza kuwamo kilio, sifa, matusi kwa kifo chenyewe, mzaha juu ya tabia za marehemu, hata madai ya deni. Ukiipima *Sarafina!* kwa mizani ya tanzia na ramsa itakuonekana imechanganyikiwa. Ukiipima kama mbolezi iliyonyooshwa ikawa ndefu kwa saa moja na nusu na zaidi, sehemu kubwa ya lile lililoitwa kasoro inakaa mahali pake. Tena haikuwa mbolezi ya kubuniwa. Mazishi ya waliouawa katika miaka ya 1980 huko Afrika Kusini yalikuwa yakiimbwa na kuchezwa na maelfu, kiasi kwamba mwaka 1985 serikali ya makaburu iliwawekea waombolezaji masharti: mabango na bendera marufuku, hotuba za siasa marufuku. Dola halipigi marufuku jambo lisilo na nguvu.

Kwa hiyo je, wahakiki walikosea na banda la Tukuyu likapatia? Kwa muda mrefu nilijibu ndiyo, na nilifurahia kujibu hivyo. Siku hizi sina haraka.

Kuna tukio ndani ya filamu ambapo wanafunzi wanamwua kwa moto askari mweusi wa mtaani kwao, na Sarafina yumo. Banda letu lilishangilia, nami nilishangilia. Filamu yenyewe haishangilii waziwazi. Inamwacha Sarafina na mzigo huo. Lakini wimbo unapokuwa na nguvu kiasi kile, mzigo hupita haraka, na mtazamaji wa miaka kumi na mitano hauoni ukipita. Nikikumbuka maelezo ya Wilson juu ya ngoma inayopinda ikawa ugomvi, nakumbuka pia kwamba pale uani palikuwa na wakubwa wa kusema basi. Ndani ya banda mkubwa alikuwa mmoja tu, karibu na mlango, naye alisema wakati tunatoka.

Na alilolisema nadhani nililielewa vibaya. Nilidhani mwalimu anachukia ngoma, kama alivyofunzwa na misheni. Lakini mkazo wake haukuwa kwenye *mnacheza*. Ulikuwa kwenye *nanyi*. Aliyecheza msiba Rungwe alikuwa mtoto wa ukoo, mkwe, jirani, mwanarika wa marehemu. Alimjua aliyelala pale. Alikuwa amekula kwake. Ngoma ilikuwa haki iliyolipiwa kwa ujamaa huo, na mpita njia asiye na uhusiano hakuingia kati ya mikuki kwa sababu mdundo umempendeza. Swali la mwalimu ni lilelile la vijana wa AZAYO waliomzuia Goldberg: huu ni msiba wa nani?

Ngema mwenyewe baadaye aliingia katika mtego wa jina lake. Mwaka 1996 tamthilia ya *Sarafina II*, iliyokusudiwa kufundisha kuhusu UKIMWI, ilizua kashfa kubwa Afrika Kusini baada ya kujulikana kwamba wizara ya afya imeitengea zaidi ya randi milioni 14. Wengi waliokuwa wakiipenda Sarafina ya kwanza waligeuka wakawa wakali kuliko mhakiki yeyote. Maiti walikuwa wapya, na wimbo ulikuwa na ankara.

Lakini kuhusu ujirani wetu na wafu wa Soweto, historia ina la kusema, na inasema kwa upande wa mwenye banda. Wanafunzi wale walitoka barabarani tarehe 16 Juni 1976 kwa sababu ya lugha. Walikuwa wameamriwa kusoma hisabati na maarifa ya jamii kwa Kiafrikana, lugha ya bwana, na walikataa. Wengi wa waliokimbia baada ya mauaji walikuja kwetu. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963 hadi 1994. Huko Mazimbu, Morogoro, serikali iliwapa ANC ardhi, wakajenga chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Wenzao Sarafina walisoma pale, walioana pale, wengine wamezikwa pale. Wimbo wao wa taifa la kesho na wimbo wetu wa taifa ulikuwa na sauti moja, ile aliyoitunga mwalimu Enoch Sontonga mwaka 1897, kwa hiyo Mtanzania aliyesimama kwenye mazishi ya Mazimbu aliweza kuimba kwa Kiswahili bila kumtoa jirani yake kwenye ufunguo.

Chuo hicho kilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania Julai 1992, baada ya filamu kuonyeshwa Cannes na kabla haijafika kumbi za Marekani. Wenyeji wake walikuwa wanafunga mizigo kurudi kwao wakati Wamarekani wanapanga foleni ya tiketi. Katika miezi hiyo hakuna hata mmoja wetu, benchini pale Tukuyu, aliyejua kwamba watoto wale walikufa kwa kukataa lugha ya kufundishiwa. Nasi tungevuka darasa la saba mwakani na kukutana na sekondari inayofundisha kwa Kiingereza. Mwalimu alijua. Alikuwa amefundisha pande zote mbili za mpaka huo.

Alifariki miaka mingi baadaye, na alizikwa nyumbani kwake, chini ya barabara, ambako migomba inashuka hadi mtoni. Kwaya iliimba nyimbo za kitabu. Matarumbeta ya kanisa yalipulizwa, na sauti yake ilirudi kutoka upande wa pili wa bonde. Wazee wawili wa rika lake walikuwa wamesimama mbali kidogo, penye kivuli cha migomba, wakiwa wamevaa makoti mazito kwa sababu ya baridi. Tarumbeta lilipopandisha, mmoja alianza kuinua mguu na kuushusha, polepole, kisha mwenzake. Hapakuwa na ngoma wala mkuki. Mmoja alishika fimbo yake ya kutembelea wima mbele ya kifua. Mchungaji aliinua macho kutoka kwenye kitabu, akawatazama kwa kitambo, kisha akafungua ukurasa uliofuata.